Beetle ya 1969 inakwaruza gia namba mbili baada ya kubadilisha oili: GL-4 au GL-5?

Mleta uzi
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima raha. Nna Volkswagen Beetle ya 1969, gia nne za manuali, ilikuwa ya marehemu baba na sasahivi mimi ndo naitunza. Wiki tatu zilizopita fundi alinibadilishia oili ya giaboksi akaweka 80W-90 GL-5 (80W-90 ni uzito wa oili, GL ni alama ya aina ya oili ya gia), nikamuuliza mbona kitabu kinasema GL-4, akajibu GL-5 ndo bora zaidi kwasababu namba iko juu. Tangu siku ile asubuhi gari likiwa la baridi nikitoka moja kwenda mbili linalia krrrr, mpaka nisubiri kidogo kwenye nyutro ndo inaingia, wakati zamani ilikuwa inaingia kwa vidole viwili tu. Jana nikatoa oili kidogo nikaiweka kwenye kifuniko cheupe juani, nikaona kama vumbi la dhahabu linaelea, laini kama unga, nikapitisha sumaku haishiki kitu. Ndo boksi linakufa au? Na niweke oili gani?

Spana_17
Pole mkuu, ila usiogope. Hilo vumbi ni shaba ya njano kutoka kwenye ringi za sinkro (zile zinazolinganisha spidi za gia kabla hazijaingia), na kidogo ni kawaida kwa boksi la umri huo. Cha kuogopa ni vipande vinavyoshika sumaku.

Sasa hiyo ringi kazi yake ni kung'ang'ania koni ya gia mpaka spidi zilingane ndo meno yaingiane. Inahitaji msuguano! GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4, imetengenezwa kwa ajili ya difu za haipoidi ambazo meno yake yanaserereka kwa nguvu nyingi. Kwa sinkro za zamani inakuwa inateleza mno, ringi haishiki, unasikia krrrr. Kwahiyo 4 na 5 sio madaraja ya ubora, ni kazi mbili tofauti.

kobe_wa_njano
Mi sikubaliani sana. Beetle difu iko ndani ya boksi hilohilo, oili ni moja, na difu inataka GL-5. Kwanza kitabu chenyewe kimeandika "haipoidi". Nimetumia GL-5 miaka na gari linatembea.

Spana_17
Ndugu yangu hapo kwenye neno haipoidi ndo wengi wanapopotelea. Soma mstari wote: SAE 90 haipoidi, MIL-L-2105. Hiyo ni namba ya kijeshi ya Marekani, na ikiwa haina herufi mwishoni inalingana na GL-4. MIL-L-2105B ndo GL-5. Halafu difu ya Beetle pinioni (gia ndogo inayozungusha) imelenga katikati ya kraunwili (gia kubwa ya difu), haijashushwa chini kama haipoidi yenyewe, kwahiyo GL-4 inaitosha kabisa.

Ila nikubali kitu kimoja, GL-5 nyingi za sikuhizi zinafaulu kipimo cha kutokula shaba, kwahiyo sisemi itaila ringi kesho. Tatizo la kuteleza ndo linabaki palepale. Na uwe makini na kopo lililoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja, mara nyingi ndani ni dawa za GL-5. Tafuta lililoandikwa GL-4 peke yake.

mzee_wa_klachi
Kabla hujamwaga chochote pima klachi. Rivasi ya Beetle haina sinkro ya kuficha kosa la klachi. Gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga gesi) kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza klachi haiachii vizuri, na hapo utabadilisha oili mpaka uchoke. Pedali iwe na mchezo wa milimita 10 mpaka 20 kabla haijaanza kuwa nzito, ukizidi hapo kaza kebo.

oktagoni
Mimi nna MGB na kitabu chake kinasema niweke oili ya injini 20W-50 kwenye boksi, na Mini za zamani boksi na injini zinagawana oili moja kabisa. Msishtuke na namba, 80W-90 ya gia na 20W-50 ya injini zikipata moto uzito wake wa kutiririka unakaribiana sana, skeli za namba tu ndo tofauti. Nachosema usikopi gari la jirani, kila boksi na kitabu chake.

Spana_17
Sahihi. Mleta uzi, ukienda kumwaga, endesha kwanza boksi lipate joto. Halafu FUNGUA PLAGI YA KUJAZIA YA PEMBENI KWANZA kwa spana ya aleni ya milimita 17, ndo uje ya chini. Nimeona mtu kamwaga yote halafu ya juu ikagoma kufunguka, gari likabaki limelala. Futa sumaku ya plagi ya chini. Kujaza nenda polepole, oili itachuruzika tundu la pembeni ukadhani imejaa kumbe bado inashuka ndani, subiri uongeze tena. Inameza kama lita 2.5, ukiona imekula 1.5 ujue bado.

Mleta uzi
Nimerudi wakuu. Rivasi inaingia kimya, mchezo wa pedali ni milimita 15, kwahiyo klachi haina kosa. Nimemwaga ile GL-5 nikaweka 80W-90 GL-4 tupu. Kweli kabisa ilichuruzika kwenye 1.7 nikasubiri robo saa ikala iliyobaki. Leo asubuhi, gari la baridi, moja kwenda mbili imeingia bila krrrr. Nikishuka toka tatu kwenda mbili haraka bado kuna mkwaruzo mdogo, hiyo sasa ni ringi imechoka?

mzee_wa_klachi
Ndiyo, ya namba mbili ndo huwa inatangulia kuchoka. Wewe shuka taratibu, piga klachi mara mbili na gesi kidogo katikati, itakaa muda mrefu kabla hujafungua boksi. Ukitembea kilomita 500 mwaga kidogo uangalie tena kwenye kile kifuniko cheupe, utuletee picha.