Hivi Kabila alipotezaje bunge zima la Kongo bila uchaguzi? Wabunge zaidi ya 300 walienda wapi?

Kichwa_Ngumu:
Wakuu habari za jioni. Kuna ishu ya Kongo ya 2020 kuingia 2021 haijawahi kunikaa sawa, kila nikiuliza kijiweni naambiwa "hela tu hizo" na mjadala unaishia hapo. Tshisekedi aliapishwa urais Januari 2019 lakini bunge likabaki kwa FCC, muungano wa vyama vya Kabila, rais aliyemtangulia, zaidi ya viti 300 kati ya 500, spika wao, seneti yao, waziri mkuu wao. Upande wa rais hata wabunge 50 hawakufika. Jamaa akabanwa karibu miaka miwili, halafu ghafla kati ya Desemba na Februari vyote vikaondoka na hakuna mwananchi aliyepiga kura. Mimi niliona tu zile video za wabunge wanarushiana viti. Aliyefuatilia anieleweshe, walikuwa wanamkwamisha vipi hasa? Na ile ilikuwa halali kikatiba au mapinduzi ya kuvaa suti?

Ruzizi_Plain:
Ndugu, niko Uvira, nilifuatilia redioni kila siku mpaka betri zinaisha. Kwanza ondoa kichwani mambo ya maseneta wa Marekani kusimama na kuongea usiku kucha, Kongo hakuna haja ya hayo. Anayeshika kiti cha spika ndo anashika ajenda, unachotaka kife unakiacha tu kwenye droo. Ona miezi ilivyoliwa: rais kaapa tarehe 24 Januari 2019, waziri mkuu Ilunga Ilunkamba kateuliwa Mei, serikali yenyewe ikatangazwa Agosti. Miezi 7 watu wanagombania majina ya mawaziri.

2020 ndo ikachemka. Juni wabunge wawili wa FCC, Minaku na Sakata, wakaleta miswada ya kuongeza nguvu ya waziri wa sheria juu ya waendesha mashtaka, watu wakaenda mpaka nje ya Palais du Peuple, jengo la bunge pale Kinshasa, kupinga. Julai bunge likampitisha Malonda aongoze tume ya uchaguzi, mitaa ikawaka tena na watu wakafa, rais akakataa kusaini. Oktoba 21 rais akaapisha majaji 3 wapya wa Mahakama ya Katiba humohumo Palais du Peuple, na spika Mabunda, rais wa seneti Thambwe Mwamba na waziri mkuu wote hawakutokea. Yaani sherehe inafanyika kwako na wewe mwenye nyumba umejifungia chumbani! Mimi siku ile nikasema huu muungano wa rais na FCC umekwisha. Na majaji ndo ilikuwa roho ya jambo, maana mahakama ile ndo inaamua kesi za uchaguzi wa rais.

Kichwa_Ngumu:
Asante sana mkuu. Sasa viti vikaanza kuruka lini?

Ruzizi_Plain:
Desemba 6 rais katangaza muungano basi, anatafuta wingi mpya, akikosa anavunja bunge. Kesho yake tu fujo. Vijana wa UDPS, chama cha rais, nje, ndani wabunge wamevunja meza na viti vya jukwaa la spika, keshokutwa yake tena, polisi wanapiga mabomu ya machozi. Mabunda alikuwa amewekewa hoja za kumwondoa, wanamtuhumu kuficha hesabu za pesa za bunge. Desemba 10 wakapiga kura, 281 wanataka atoke, 200 wanamtaka. Piga hesabu mwenyewe ni FCC wangapi walikuwa ndani ya hao 281.

Mtoto_wa_Eastlands:
Hapo kwa kura ndio pananifurahisha. Kongo mambo ya kumchagua au kumtoa mtu inapigwa kwa siri, katiba imesema hivyo, kwa hivyo mheshimiwa anaingia amevaa rangi za Kabila, anatumbukiza karatasi, anatoka bado ni mtu wa Kabila. Nani atamjua? Linganisha na kura yetu ya spika ya Januari 15, 2008, Nairobi nje kunaungua, ndani wabunge wa chama cha ODM wanaonyeshana karatasi zao juu juu ndio asije mtu akanunuliwa, kelele masaa mengi, mpaka mgombea wao Marende akapita raundi ya tatu 105 kwa 101. ODM walijua siri ni hatari kwa mwenye wingi mwembamba. FCC walikuwa na wingi mnene wakalala.

Wakili_wa_Kijiwe:
Naona mnashangilia sana, ngoja niharibu. Mabunda alipotoka bunge likaongozwa na biro (uongozi wa bunge) ya muda, mbunge mzee kuliko wote (Mboso, miaka 78) na wawili vijana kuliko wote. Kazi yake kwa kawaida ni kuandaa uchaguzi wa biro mpya, basi. Lakini Januari 27 biro hiyohiyo ikaendesha kura ya kumwangusha waziri mkuu, 367 kati ya 382 waliokuwepo wakamkataa. Ilunkamba hakwenda hata kikaoni, akisema hawana mamlaka hayo, na mimi kisheria sioni alikosea wapi. Siku mbili baadaye kajiuzulu, Februari Thambwe naye akaachia seneti. Mapinduzi siiti, lakini kusema taratibu zote zilifuatwa hapana.

Ruzizi_Plain:
Wakili, wakati taratibu zinatumika kulaza miswada kwenye droo hukuwa na neno 😂

Wakili_wa_Kijiwe:
Nilikuwa nalo, hukuniuliza.

Dada_Mkweli:
Kaka Kichwa_Ngumu, kilichowahamisha wale watu ni lile neno "kuvunja bunge" zaidi ya bahasha. Kifungu cha 148 kinamruhusu rais kufanya hivyo mgogoro wa serikali na bunge ukizidi, na wao walikuwa na miaka miwili tu kwenye kiti, madeni ya kampeni ya 2018 hayajaisha, halafu warudi kijijini kuomba kura tena bila serikali nyuma yao? Ukimpa mtu achague kati ya hiyo na Union Sacrée, ule wingi mpya wa rais, hana haja ya kufikiria sana. Na huyo mzee Mboso alikuwa FCC hukohuko, Februari 3 akachaguliwa spika kamili.