Boti yenye injini ndani na mguu nje: nguvu inaisha baada ya dakika nane

Boti_Moshi
Habari wakuu. Boti ni ya futi 18, injini MerCruiser 3.0 ya kabureta, silinda nne, mguu (sehemu ya nje inayobeba propela) Alpha One, ya miaka ya 90. Ilikuwa baharini Tanga, sasa inatumika bwawa la Nyumba ya Mungu. Inawaka vizuri, inanyanyuka juu ya maji, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) zinafika 4200. Nikiiacha resi yote kama dakika nane, rpm zinashuka taratibu hadi 2800 na boti inalala. Nikirudisha resi, silensa (mwendo wa injini bila resi) iko safi. Nikisubiri dakika mbili tatu nguvu inarudi, halafu yaleyale. Plagi, rota na filta ya mafuta ni mpya, geji ya joto haipandi. Fundi wa magari hapa mjini anashauri tufunge pampu ya umeme ya gari. Mnasemaje?

Kabureta_Mbili
Pampu iache kwanza. Hiyo ni njaa ya mafuta: bakuli la kabureta linamalizwa haraka kuliko linavyojazwa, ukipunguza resi linajaa tena. Koili iliyochoka ikipata moto mara nyingi hukata ghafla, na mshale wa rpm unarukaruka. Ukitaka kuhakikisha, ikianza kushuka piga resi mara mbili tatu za haraka. Ikishtuka, ikavuta kidogo kisha ikalala, ni mafuta.

Kipimo cha kwanza ni bure: rudia safari mfuniko wa tenki ukiwa umelegezwa. Isiposhuka, kipumulio cha tenki kimeziba. Boti zinazokaa kwenye trela uani zinapendwa sana na nyigu wa udongo, wanajenga ndani ya kile kitundu cha ubavuni.

Ikishuka bado, chukua tenki la pembeni la lita 20 au 25, ulete mpira moja kwa moja kwenye pampu. Tundu la mpira liwe inchi 3/8, ule mwembamba wa pikipiki utakudanganya. Ikikimbia vizuri, ubovu uko kati ya tenki la boti na pampu. Fungua vali ya shaba kwenye mdomo wa tenki, ile yenye golori na springi, huwa inaota kutu ya kijani na kuganda. Kisha kata kipande cha mpira wa zamani ukichungulie: nje unaonekana mzima, ndani utando umebanduka na kujikunja, mafuta yakivutwa kwa nguvu unafunga njia.

Ikigoma hata kwa tenki la pembeni, kuna kafilta kadogo nyuma ya nati kubwa, pale bomba linapoingia kabureta. Wengi hawakajui.

Spana17
Mwenye geji ya vakyumu (inapima nguvu ya mvuto kwenye mpira) aifunge kwa kiungo cha T kabla ya pampu. Kwa resi yote isizidi inchi 2 za zebaki. Ikizidi, kuna kizuizi upande wa tenki.

Hiyo pampu ya gari msifunge kabisa. Pampu ya boti ina daiframu (tando za mpira) mbili na mrija angavu unaokwenda kabureta: ya kwanza ikichanika, petroli inaonekana kwenye mrija, haimwagiki. Ya gari ikivuja inamwaga ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya injini ukingoja cheche. Starta na distribyuta za gari nazo hazina kinga ya cheche, usikubali. Na ile vali ya golori ikiwa mbovu weka nyingine, usiiondoe jumla: mpira ukipasuka ndiyo inayozuia tenki lisijimwage. Feni ya chumba cha injini izunguke dakika 4 kabla ya kuwasha.

Boti_Moshi
Kilikuwa kipumulio. Donge la udongo mkavu, ukubwa wa pingili ya kidole. Hatukuchokoa kwa waya lisije likaangukia tenkini. Tulichomoa mpira upande wa tenki tukapuliza kuelekea nje. Sasa dakika 25 resi yote haishuki, ila haivuki 4200.

Kabureta_Mbili
Hilo ni jingine. 3.0 ya nguvu farasi 135 inatakiwa kufika kati ya 4400 na 4800. Bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya Tanga inaielemea. Lakini usinunue kitu bado. Zima injini, vua kava la hewa, mwenzio asukume mkono wa resi hadi mwisho, uangalie vipepeo vya kabureta. Visiposimama wima, ni kurekebisha kebo tu. Kava lirudishe kabla ya kuwasha, ndilo linalozuia moto wa kabureta usitoke.

Boti_Moshi
Vimesimama wima. Propela imeandikwa 21.

Spana17
Hizo ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Tafuta 19. Kila inchi unayopunguza inaongeza rpm 150 hadi 200. Shafti ya Alpha One ina meno 15, kitovu cha propela kilingane.