Alaska kwa mara ya kwanza: tuanze na meli au nchi kavu?

Upepo_wa_Kusi aliuliza:

Habari za humu wadau. Tunapanga safari yetu ya kwanza Alaska, watu wanne: mimi, mume wangu, na wazazi wangu ambao wote wamevuka miaka 70. Wanatembea vizuri, ila si ngazi nyingi wala milima. Tuna siku 15 kamili ukiacha ndege za kwenda na kurudi. Tunataka wiki moja ya meli, kisha siku kadhaa za bara, na Denali, ile hifadhi ya taifa yenye mlima mrefu, lazima iwemo.

Kinachotuchanganya: kipi kitangulie? Mwezi gani? Na siku za bara tuzigawe vipi tusije tukamaliza safari nzima tukiwa ndani ya magari? Pasipoti zetu ni za Kenya, na viza za Marekani za kuingia mara nyingi tunazo tayari.

Dira_Kaskazini alijibu:

Karibu dada. Kabla ya mwezi, chagua aina ya meli, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu. Zipo zinazotoka Seattle au Vancouver na kurudi palepale baada ya siku saba, na zipo zinazokwenda upande mmoja tu, kati ya Vancouver na bandari za Alaska za Seward au Whittier. Ninyi mnataka ya upande mmoja. Zile za kurudi palepale huishia kusini-mashariki mwa Alaska, na huko hakuna njia fupi ya kufika Denali. Juneau ni mji mkuu wa jimbo lakini hauna barabara ya kuutoa nje. Unaingia kwa maji au kwa hewa. Mkichukua meli ya namna hiyo, mtarudi Seattle kisha mpande ndege ya saa tatu na nusu hadi Anchorage, wakati meli yenyewe ingeweza kuwashusha Seward au Whittier, mwendo wa barabara tu kutoka hapo.

Mkitafuta meli kubwa ya Seattle hadi Seward msiipate, msidhani mmekosea. Karibu meli zote kubwa zina bendera za nchi nyingine, na sheria ya Marekani ya 1886 haiziruhusu kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine kwa mtindo huo. Ndiyo maana safari za upande mmoja huanzia au kuishia Vancouver, Kanada.

Kuhusu kipi kitangulie: bara kwanza, meli baadaye. Siku za bara ni za kuamka alfajiri, kufunga mizigo, kubadilisha hoteli. Wazee wakishapita hapo, meli inakuwa mapumziko: chumba ni kilekile siku saba na miji inawafuata. Ukigeuza, wanashuka melini wamestarehe kisha wanakutana na kazi. Pia ndege nyingi za kutoka Anchorage huondoka usiku wa manane, ilhali Vancouver ina za mchana.

Ila mkisafiri mwanzoni mwa Mei, geuza. Mabasi ya ndani ya hifadhi ya Denali huanza kazi kamili takriban Mei 20, na ukitangulia bara utakuta loji bado zimefungwa. Septemba ni kinyume: bara hufungwa katikati ya mwezi, kwa hiyo bara ndiyo itangulie.

Mwezi: kwa mahitaji yenu ningechagua kuanza siku kumi za mwisho za Agosti. Juni na Julai ni nzuri na siku ni ndefu mno (Fairbanks, mji wa bara kaskazini mwa Denali, hupata karibu saa 22 za jua tarehe 21 Juni), lakini ndiyo miezi ya mbu wengi huko bara na bei ya juu. Mwishoni mwa Agosti mbu wamepungua, majani ya Denali yanageuka mekundu na manjano, na usiku wa Fairbanks umeshakuwa na giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini mawingu yakiruhusu. Gharama yake ni mvua: pwani hunyesha zaidi kadiri Septemba inavyokaribia. Mkitaka ukavu wa pwani kuliko yote, ni Mei na mwanzo wa Juni.

Ratiba yangu kwenu:

Siku ya 1 na 2 Fairbanks, mkitua kwa ndege. Siku ya 3 treni hadi Denali, kama saa nne. Siku ya 4 yote ndani ya hifadhi. Siku ya 5 treni mchana hadi Talkeetna, mji mdogo kusini mwa mlima Denali. Siku ya 6 asubuhi iacheni kwa ndege ndogo ya kuzunguka mlima, jioni treni hadi Anchorage. Siku ya 7 treni ya pwani kwenda Seward. Huondoka mapema sana na kufika kabla ya saa sita mchana. Laleni Seward. Siku ya 8 pandeni meli, siku ya 15 mnashuka Vancouver.

Usiku wa siku ya 7 msiufute ili kuokoa pesa ya hoteli. Treni ikichelewa au mtu akiugua tumbo, meli haiwasubiri.

Tundra_Nyekundu alijibu:

Naunga mkono, niongeze la Denali kwa sababu hapo pana mambo ambayo matangazo hayaelezi.

Barabara ya hifadhi ina urefu wa maili 92. Gari binafsi huishia maili ya 15, mto Savage. Baada ya hapo ni basi. Tangu Agosti 2021 mabasi nayo yamekuwa yakiishia maili ya 43. Pale Pretty Rocks ardhi iliyoganda miaka mingi imeyeyuka chini ya barabara na kipande kizima kinateremka na mlima. Daraja la kuvuka hapo limekuwa likijengwa, kwa hiyo kabla ya kulipa angalieni tovuti ya Idara ya Hifadhi za Taifa kuona mabasi yanafika wapi msimu wenu. Maelezo ya zamani yanayosifia Eielson na Wonder Lake, vituo vilivyo mbele zaidi kwenye barabara hiyo, yaliandikwa kabla ya hilo.

Mabasi ni ya namna mbili kuu. Lile la kawaida ni nafuu, unaweza kushuka popote na kupanda jingine likiwa na nafasi. Lile la kitalii lina mwongozaji na kitafunio, lakini mnakwenda na kurudi na basi lilelile. Yote mawili kwenda hadi maili ya 43 na kurudi ni kama saa tano. Kwa wazazi wako ningechukua la kitalii linalofika mwisho, si lile fupi la historia ambalo hurudi mapema. Ngazi za mlangoni ni ndefu, kama za basi la shule. Mwenye shida ya magoti aseme wakati wa kuweka nafasi, yapo mabasi yenye lifti. Choo hupatikana kwenye vituo vya njiani. Chakula hakiuzwi ndani, kwa hiyo bebeni mikate na maji hata kama tiketi ina kitafunio. Kiingilio cha hifadhi ni dola 15 kwa mtu kuanzia miaka 16.

Kaeni upande wa kushoto wakati wa kuingia. Siku isiyo na mawingu kilele huanza kuonekana maili ya 9 tu. Lakini waambie wazee mapema: mlima huo wa mita 6,190 hutengeneza mawingu yake wenyewe, na takriban mgeni mmoja kati ya watatu ndiye huuona. Ndiyo sababu ratiba ya hapo juu ina maana. Siku ya 3 jioni, siku ya 4, siku ya 5 njiani, siku ya 6 Talkeetna: hizo ni nafasi nne za kuuona. Anayelala Denali usiku mmoja ana nafasi moja na nusu. (Kwenye ramani mpya za serikali ya Marekani mtakuta umeandikwa Mount McKinley, mlima ni uleule, na hifadhi bado inaitwa Denali.)

Ndege ya Talkeetna wekeni ya asubuhi ya kwanza inayopatikana. Upepo au wingu vikiifuta, mnaweza kuomba ya baadaye siku hiyohiyo kabla ya treni ya jioni. Zipo zinazotua juu ya barafu. Viatu vya kuvaa juu ya viatu vyenu hutolewa. Watauliza uzito wa kila mtu. Semeni wa kweli, ndio wanaopangia viti.

Upepo_wa_Kusi:

Asanteni sana, hii imenifungua macho. Matatu yamebaki. Kampuni za meli zinauza pakeji yenye meli na bara pamoja, je inafaa kuliko kujipangia? Meli moja tuliyoiona inatoka Whittier badala ya Seward, inabadilisha nini? Na viza ya Marekani inatosha?

Kabati_la_Ramani alijibu:

Naanza na viza maana ndiyo inayoweza kuwarudisha uwanjani. Haitoshi. Meli inaishia Vancouver, na pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Kanada. Ombeni mapema, kuna alama za vidole na foleni. Halafu tazameni tiketi ya kurudi nyumbani: ndege ikipitia mji wa Marekani baada ya Vancouver, mnaingia Marekani upya. Viza zenu za kuingia mara nyingi zinaruhusu, lakini ni foleni nyingine ya uhamiaji. Njia ya kupitia Ulaya moja kwa moja kutoka Vancouver ni nyepesi zaidi kwa wazee.

Pakeji: faida yake ni mizigo na uwajibikaji. Masanduku huchukuliwa hotelini na kukutwa chumbani mnakofuata, na basi au treni yao ikichelewa, kuwafikisha melini ni kazi yao. Hasara ni kwamba loji ni zao, chakula ni cha bei yao, na mara nyingi wanawapa usiku mmoja Denali na basi fupi. Soma maneno ya pakeji, si picha. Tafuta "usiku mbili Denali" na jina la basi la hifadhi linalofika mwisho. Pia pima umbali: baadhi ya loji zenye jina la Denali ziko mwendo wa saa mbili au zaidi kusini mwa lango la hifadhi. Kwa watu wanne wenye wazee wawili, pakeji yenye usiku mbili ningeilipia. Isiyokuwa nazo, jipangieni.

Mkifikiria gari la kukodi badala ya treni: Anchorage hadi Denali ni kama kilomita 380, saa nne na nusu. Kuchukua Fairbanks na kurudisha Anchorage kuna ada kubwa ya kuachia mji mwingine, na mikataba mingi inakataza barabara za changarawe.

Whittier iko kilomita 97 kutoka Anchorage; Seward ni 200. Kwa hiyo meli ikitoka Whittier, siku ya 7 laleni Anchorage, si bandarini. Shida ya Whittier ni handaki. Lina kilomita 4, njia moja tu, magari na treni hupokezana. Kuelekea Whittier hufunguliwa mara moja kila saa, inapotimu na nusu, kutoka Whittier kila saa kamili, na usiku hufungwa. Ukikosa zamu yako umekaa saa nzima ukitazama mlima. Chukueni basi la kampuni ya meli au treni, handaki liwe tatizo lao.

Dira_Kaskazini:

Nimalizie upande wa meli. Mnapolinganisha ratiba, tafuteni siku nzima ya Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa. Hifadhi inaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo si kila kampuni inaingia. Walinzi wa hifadhi hupanda melini na kueleza kwa kipaza sauti. Meli husimama mbele ya barafuto (mto wa barafu) la Margerie na kugeuka taratibu pande zote, hivyo hata mwenye chumba cha ndani anaona akipanda sitaha. Kidokezo cha kamera: barafu ikimeguka, mlio kama radi huja baada ya tukio. Ukisubiri kusikia ndipo ugeuke, kipande kimeshafika majini. Tazama pale vipande vidogo vinapodondoka kwa kufuatana na uache kamera ikirekodi hapo.

Meli yenu ikielekea kusini, pwani iko kushoto zaidi. Chumba chenye roshani upande wa kushoto, katikati ya meli na sitaha ya chini, kwa anayechafukwa na bahari. Mtikisiko upo hasa usiku wa Ghuba ya Alaska. Dawa humezwa saa moja kabla, si baada ya kichefuchefu kuanza.

Kwenye vituo vya meli: Skagway pandeni treni ya White Pass, iliyojengwa 1898 hadi 1900: mnakaa, mlima unapita dirishani, wazee hawapandi hata ngazi moja ya ziada. Juneau chagueni boti ya nyangumi au barafuto la Mendenhall, yote mawili kwa siku moja yanachosha. Ketchikan hunyesha karibu milimita 3,800 kwa mwaka, kwa hiyo mwavuli wa mkononi hausaidii, upepo unaugeuza. Koti lisilopitisha maji lenye kofia, sweta la manyoya chini yake, fulana nyepesi ndani. Jinzi ziacheni, zikilowa hazikauki.

Upepo_wa_Kusi:

Tunachukua Seward, bara kwanza, kuanzia tarehe 21 Agosti. Mkishuka bandarini kwa matembezi ya kujitegemea, mnarudi melini muda gani kabla?

Kabati_la_Ramani:

Muda wa mwisho wa kupanda huwa dakika 30 kabla ya kuondoka. Mkiwa peke yenu ongezeni saa nzima juu yake; meli huwasubiri walionunua matembezi kwake, wengine huwaacha. Na wekeni simu zisijibadilishe saa zenyewe. Alaska iko saa moja nyuma ya Vancouver, mnara wa simu unaweza kuonyesha saa ya mji na meli ikawa inatumia nyingine. Inayohesabika ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku inayoletwa chumbani. Mama avae saa ya mkono iliyosetiwa kwa hiyo.

Upepo_wa_Kusi:

Nimeandika. Kesho naanza na maombi ya viza ya Kanada, kisha chumba cha kushoto.