Siku 6 zimebaki na ripoti ya daktari haijatoka: je, mahakama inaweza kutuongezea muda?

Swali

Habari zenu, wanajukwaa. Mama yangu mzazi aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga, na shauri la fidia tulilofungua dhidi ya mmiliki wa pikipiki hiyo limeshaanza kutajwa. Mara ya mwisho hakimu alituamuru tuwasilishe maelezo ya mashahidi pamoja na ripoti ya daktari ndani ya siku 21. Maelezo ya mashahidi yapo tayari, lakini daktari aliyemfanyia upasuaji anasema hawezi kukadiria ulemavu wa kudumu mpaka aone picha nyingine ya mfupa, ambayo imepangwa kupigwa baada ya wiki mbili. Zimebaki siku 6. Mtu mmoja ameniambia kuwa muda katika kesi za majeraha hauongezwi kamwe. Mwingine amenishauri nisubiri tu, kisha nijieleze siku ya kutajwa. Hatuna wakili. Ni lipi sahihi?

Jibu la 1

Pole sana kwa mama. Wote wawili wamekosea, ingawa yule wa kwanza ana chembe ya ukweli, kwa sababu anachanganya mambo mawili. Upo ukomo wa muda wa kufungua shauri lenyewe, ambao umewekwa na sheria. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1980 inatoa miaka 3 kwa madai ya majeraha ya mwili, na anayechelewa hapo huwa na mlima wa kupanda. Ninyi mlishavuka hatua hiyo. Muda unaowabana sasa ni ule uliowekwa kwa amri ya mahakama, na kwa kawaida mahakama iliyouweka ina uwezo wa kuuongeza ikipewa sababu za msingi.

Huyo wa pili ndiye hatari zaidi. Anayeomba kabla muda haujaisha na anayeomba baada ya kuisha hawapimwi kwa mizani moja. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kanuni ya 6 ya mwenendo wa madai imeliandika jambo hili waziwazi: anayewahi huonyesha sababu ya msingi tu, lakini aliyechelewa hutakiwa pia kuonyesha kwamba kughafilika kwake kunasameheka. Wewe bado una siku 6, kwa hiyo usizitupe.

Jibu la 2

Naongezea upande wa hati, kwa kuwa hapo ndipo maombi mengi ambayo yangekubaliwa huangukia. Maombi huambatana na hati ya kiapo, na kiapo kinachosema tu kwamba “daktari amechelewesha” hakimsaidii hakimu hata kidogo. Andika siku kwa siku: amri ilitolewa lini, ulikwenda hospitali lini, ulijibiwa nini, picha imepangwa tarehe ngapi. Mwombe daktari barua fupi yenye saini yake inayoeleza kwa nini makadirio ya sasa yangekuwa ya kubahatisha, kisha uiambatanishe. Omba idadi kamili ya siku na uonyeshe hesabu yake: wiki mbili za kungoja picha, wiki moja ya kuandika ripoti, na siku chache za akiba. Anayeomba “muda wa kutosha” humwachia hakimu kazi ya kukisia, na mahakimu hawapendi kukisia.

Jambo jingine, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote: maelezo ya mashahidi yawasilisheni sasa, ndani ya muda. Omba nyongeza kwa ajili ya ripoti peke yake. Ukizuia hati zilizo tayari ili zingoje ile isiyo tayari, upande wa pili utauliza kwa nini, na hutakuwa na jibu.

Vilevile, mwandikieni wakili wa mdaiwa mumwulize kama anaridhia. Ridhaa yake haiifungi mahakama, lakini huondoa hoja ya kwamba mdaiwa ataathirika.

Jibu la 3

Nakubaliana na waliotangulia, ila nina tahadhari moja niliyoipata kwa uchungu. Niliwahi kuwasilisha maombi kama haya nikadhani kuwa kitendo cha kuyawasilisha kimesimamisha muda. Hakikusimamisha. Siku ilipita maombi yakiwa bado hayajapangiwa tarehe, kwa maana niliyaacha hadi alasiri ya siku ya mwisho. Karani wa masjala alikuwa ameniambia kwa mdomo kwamba “hakuna tatizo”, na maneno hayo hayakuwa na mhuri. Waeleze masjala kwamba ni jambo la dharura, omba lipangiwe tarehe ya karibu, na usiondoke bila nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Daktari amekubali kuandika barua, na kesho asubuhi nitawasilisha maelezo ya mashahidi. Je, nikikataliwa, shauri litafutwa?

Jibu la 2

Si lazima. Kukataliwa nyongeza kwa kawaida humaanisha kwamba mtaendelea bila ripoti hiyo, mkitegemea kumbukumbu za matibabu zilizopo, na pengo litaonekana zaidi kwenye fidia ya ulemavu wa kudumu. Kwa hiyo, barua ya daktari ieleze pia kile anachoweza kukithibitisha leo: aina ya mvunjiko, upasuaji uliofanyika, na kama mama anatembea kwa magongo.