Mdogo wangu yuko ICU hajitambui baada ya kunywa vidonge, kuongea naye kunasaidia kweli?

binti_tandika: Habarini wakuu. Mdogo wangu alikunywa vidonge vya usingizi vya bibi, tukamkimbiza hospitali anapumua ila ukimwita haitiki, sasa yuko kwenye mashine. Nesi wa mchana anasema tuongee naye, wa usiku anasema tunapiga kelele tutoke. Na mama kila akiingia analia kwa sauti, mwanangu kwa nini umenifanyia hivi. Kuna faida au tunajifariji tu?

sista_mstaafu: Pole sana mdogo wangu. Faida ipo, ila sauti haitoi dawa mwilini, hiyo kazi ya ini na figo na madaktari. Vidonge vile vinalaza ubongo, vikiisha wengi huamka, hasa kama ubongo haukukosa hewa. Muulizeni dokta kama na wao wanamchoma dawa ya kumlaza ili mashine ifanye kazi, kama ndiyo basi asipofumbua macho msikate tamaa. Aingie mtu mmoja tu, yule aliyemzoea, amwite jina la nyumbani, ajitaje, amshike mkono, amwambie leo siku gani, ampigie stori za kawaida dakika 10 hivi kisha amwache apumzike. Mapigo yakipanda ghafla au akianza kutoka jasho acheni, mwiteni nesi. Na hilo la "kwa nini" likome kabisa, anaweza kuwa anasikia. Mama alie nje.

Kijana wa Mbagala: Mwekee matokeo ya Yanga kwenye simu, kama ni Simba ataamka kwa hasira 😂 pole lakini

mzee_wa_busara: Mpeni maziwa au maji ya dafu kidogo kidogo, yanakata sumu.

sista_mstaafu: Mzee wangu shikamoo, ila HAPANA. Mtu hajitambui hamezi, yataingia kwenye mapafu. Afadhali wapeleke pakiti za hivyo vidonge dokta azione.

daktari_mtarajiwa: Kuna utafiti wa Northwestern kule Chicago ulitoka 2015, waliokuwa koma wakasikilizishwa stori zilizorekodiwa na ndugu zao walipata nafuu haraka kuliko wenzao. Ila walikuwa watu 15 tu, tena wa kuumia kichwa sio sumu, kwa hiyo tusikuze sana. Halafu ile namba ya GCS kwenye chati, yaani kipimo cha kujitambua, inaanzia 3 mpaka 15, 8 kushuka ndo koma, ila mwenye mpira wa kupumulia mdomoni haongei hata kama anakuelewa, msiikodolee macho hiyo.

binti_tandika: Asanteni jamani. Yeye ni Simba damu. Mama anataka ampake mafuta ya nazi miguuni huku anaongea naye, inaruhusiwa?

sista_mstaafu: Aombe ruhusa kwa nesi wa zamu, anawe mikono, na asiguse waya wala mipira. Wakikubali apake taratibu tu.