Nimeandikwa "hayupo kazini" wakati nikitatua tatizo la idara nzima

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia miezi minane na sasa nimechoka.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu katika kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar es Salaam. Tangu mwajiri wetu aanze kuhamishia kazi zote kwenye mfumo wa kidijitali, kompyuta zetu zimewekewa programu inayohesabu kila kitufe tunachobonyeza, inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika 5, na inayobadili alama ya mfanyakazi kutoka kijani kuwa nyekundu asipogusa kipanya kwa dakika 10.

Jumanne iliyopita niliketi na daftari na penseli nikichora njia ya mzigo kutoka ghalani hadi Mbagala na Kigamboni, kwa sababu majedwali yalikuwa yameshindwa kunionyesha kwa nini mizigo ya huko inarudishwa kwa wingi. Baada ya saa moja na nusu nikaona kasoro: oda zinazoingia baada ya saa 9 alasiri zilikuwa zikipakiwa kwa kufuata orodha ya jana yake. Kabla sijamfikia bosi kumweleza, picha ya jina langu likiwa na alama nyekundu ilikuwa imeshawekwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, chini yake pameandikwa "hayupo kazini". Suluhisho langu lilianza kutumika wiki hiyo hiyo. Picha ile haijafutwa, wala hakuna aliyeniomba radhi.

Wapo wenzangu wanaosogeza kipanya kila baada ya dakika chache na kufungua mafaili yale yale, na mwisho wa mwezi ndio wanaosifiwa kwa tija. Siwalaumu, wana watoto wa kusomesha. Ninalolilaumu ni kipimo chenyewe. Peter Drucker, mwandishi maarufu wa masuala ya uongozi wa kampuni, aliyeandika kuhusu wafanyakazi wa maarifa (yaani wanaofanya kazi kwa kufikiri) tangu mwaka 1959, alieleza mwaka 1999 kwamba tija yao si suala la wingi wa kazi kwanza, kwamba ubora una uzito usiopungua wingi huo, na kwamba lazima wawe na uhuru wa kujiongoza. Sisi kila robo mwaka tunaitwa ukumbini kudaiwa mawazo mapya na watu wale wale wanaohesabu kufikiri kuwa ni utoro!

Na karatasi hazijapungua: ripoti moja naijaza kwenye mfumo, kisha kwenye Excel, kisha naichapisha ili igongwe muhuri.

Usiku nako hakuna nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, lakini ujumbe wa kazi unaoingia saa 4 usiku na kutakiwa kujibiwa papo hapo hauhesabiwi popote. Ufaransa imeweka haki ya mfanyakazi kujitenga na mawasiliano ya kazi kisheria tangu Januari 2017.

Wanasheria mliomo humu, naomba mnisaidie jambo moja. Miongoni mwa picha zilizopigwa kwenye skrini yangu imo iliyonasa salio langu la benki, na sikuwahi kusaini popote kuridhia kupigwa picha hizo. Je, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nianze kwa kumwandikia mwajiri au niende moja kwa moja kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?