Eti mashine inachemsha kwa sababu MIMI NI MZITO?!

Wakuu, mikono bado inatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi.

Yule fundi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa "leta tu, kazi ndogo hiyo". Leo nimempelekea mashine yangu ya kukata nyasi, ile ya kukalia. Inachemsha. Ukikata robo saa inaanza kunuka oili ya kuungua, nguvu inashuka, inakohoa, inazima. Ikipoa inawaka kama haijatenda kosa lolote.

Kaizunguka mara moja. Hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Kisha akaacha kuitazama mashine, akanitazama mimi, kichwani hadi viatuni, akasema: "Mashine haina tatizo. Wewe ndiye mzito."

MZITO. Mbele ya wateja sita! Mpaka mtoto aliyeleta baiskeli kuziba pancha kacheka hadi kakaa chini.

Mashine hiyo hiyo huwa inakokota tela limejaa mchanga, haijawahi kulalamika. Mchanga si mzito, mimi ndiye mzito?

Akaongeza na dawa: "Kata kwa resi ndogo isichoke, ikichemsha imwagie maji." Wakuu, injini ile haina rejeta, inapozwa kwa upepo. Feni imefungwa juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inazunguka kwa kasi ya injini. Ukipunguza resi umepunguza na upepo! Na maji baridi juu ya silinda hedi ya moto ni kutafuta ufa. Huyo ndiye anayewaita watu wazito.

Nimeirudisha nyumbani, nikafungua bolti za kava la feni mwenyewe. Nimekuta nini? Mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya kutoa joto, hayaonekani! Nyasi kavu zimeshonana kama godoro, na katikati kiota cha panya. Panya kahamia, kaoa, kasomesha watoto humo ndani. Upepo ungepita wapi? Dakika ishirini za brashi na kompresa, nimekata uwanja mzima, haijanuka wala kukohoa. Nikiwa nimekaa juu yake, na uzito wangu huu huu!

Dakika ishirini. Yeye kasema mzito.

BoltiKumi: Pole mkuu. Ila hujatuambia, una kilo ngapi?

Mleta uzi: @BoltiKumi kilo zangu zinahusiana nini na kiota cha panya?? Soma uzi!

BoltiKumi: Nimesoma. Nauliza kwa ajili ya panya, maana alikuwa ameishi vizuri kabla hujakaa.

OiliNyeusi: Tuwe wakweli, nyasi hazikujaa kwa siku moja. Lile kava linafunguliwa walau mara moja kwa mwaka, uwanja wenye vumbi zaidi ya hapo. Na oili umepima? Ikipungua inachemsha, ukiijaza kupita alama inatoa povu, inachemsha vilevile. Pima mashine ikiwa mahali tambarare, imepoa.

Mleta uzi: Oili iko kwenye alama. Nimepima MIMI, kwa sababu yeye alikuwa anapima kiuno changu.

Mama_Bustani: Mimi huyo huyo kaniambia yangu inachemsha kwa sababu ya jua kali. Huwa nakata saa kumi na mbili jioni!

ResiJuu: Hahaha ni yeye kabisa. Yangu alisema imezeeka. Ilikuwa na miezi minne.

Mleta uzi: Angalau ninyi kasingizia jua na umri. Mimi kaniangalia hadi viatuni.

KisuButu: Wakuu mnalalamikia maneno, mimi kanirudishia visu kavifunga juu chini. Nyasi zinalala, nikipita zinasimama tena. Injini nayo inalia kama inasaga mawe.

OiliNyeusi: @KisuButu hata visu butu vinachosha injini, na nyasi mbichi zikigandamana chini ya deki, lile kava la visu, ndiyo kabisa. Lakini juu chini??

KisuButu: Ule upande uliopinda kwenda juu kauelekeza chini. Kanikabidhi huku anajisifu kavinoa kama wembe.

Mama_Bustani: Mimi alisahau kukaza bolti ya kisu. Nilisikia mlio, nikazima, nikaenda kulala mchana huohuo kwa hofu.

Mleta uzi: Jamani poleni, ila uzi ni wa kuchemsha. Na wa kuitwa mzito mbele ya wateja sita.

JiraniMchovu: Ninyi wenye mashine za kukalia, nani aliwaambia alfajiri ya siku ya mapumziko ndiyo saa ya kukata? Jirani yangu anawasha kabla jogoo hajawika. Natamani ya kwake ichemshe.

ResiJuu: @JiraniMchovu wengine tunawahi jua. Fungua uzi wako.

JiraniMchovu: Nyumbani hakulaliki, na huku nafukuzwa?

BoltiKumi: Turudi kwenye visu. @KisuButu ulikata hivyo siku ngapi kabla hujagundua?

KisuButu: Msimu mzima.

BoltiKumi: MSIMU MZIMA? Lete picha ya uwanja.